Mkono wa Bibi na Karatasi Mbichi

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho niliandika Septemba, nikiwalalamikia joto la Kyoto na baiskeli yangu iliyokuwa inapata pancha kila wiki. Tangu hapo kimya. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeshaolewa na Mjapani. Hapana jamani! Kilichotokea ni kwamba bibi yangu, yule wa Tanga niliyewahi kuwasimulia habari za mchuzi wake wa papa, alifariki mwishoni mwa Septemba, na kazi yangu ya kumalizia chuo ikagoma. Mambo hayo mawili yakaungana yakawa jambo moja. Leo kazi imekwisha, imetundikwa ukutani, na nimepata nguvu ya kusimulia. Chukueni chai, maana leo ni ndefu.

Kwa wageni: nasomea uchapaji wa picha hapa Japani, mwaka wa nne. Mjomba wangu mpaka leo anawaambia watu kwamba nasomea kutengeneza mihuri. Nimeacha kubishana naye, maana hajakosea sana. Uchapaji wa kibao wa Kijapani ni mhuri mkubwa wenye subira. Unachora picha kwenye karatasi nyembamba, unaibandika kifudifudi kwenye kibao cha mcheri, kisha unachonga kila kitu kisichokuwa mstari. Kinachobaki kimeinuka ndicho kitakachochapa. Kila rangi inataka sehemu yake ya kuchonga, kwa hiyo picha ya rangi kumi ni kazi ya kuchonga mara kumi. Pembeni unaweka alama mbili ndogo ziitwazo kento, moja ina umbo la herufi L kwenye kona na nyingine ni mstari mfupi, ili karatasi ikae mahali palepale kwa kila rangi. Rangi ni ya maji, inachanganywa na gundi ya wanga wa mchele na kupakwa kwa brashi.

Mashine ya kugandamiza hakuna. Unalaza karatasi yenye unyevu juu ya kibao, halafu unasugua mgongo wake kwa baren. Baren ni kitu cha mviringo kinachoenea kiganjani. Ndani yake kuna kamba iliyosokotwa kwa maganda ya mwanzi, ikazungushwa kama ngata ya kubebea ndoo, na nje imefunikwa kwa ganda la mwanzi. Na karatasi yenyewe ni washi, ya nyuzi za gome la ndani la kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Ufundi wa kuitengeneza uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Ukiishika unadhani ni laini kama kitambaa cha mtoto, lakini inasuguliwa mara ishirini na haichaniki.

Basi. Bibi alipofariki sikuweza kwenda. Nauli ilikuwa haishikiki, na hata ningeipata, kwetu maziko hayangoji mtu aliye Japani. Nilisikia dua kwa simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za bweni. Siku tatu baadaye binamu yangu akanitumia picha aliyompiga bibi kwa simu, wiki chache kabla. Bibi amekaa barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Mtandio umemteleza kichwani. Mkono mmoja umetia ukungu kwa sababu ulikuwa unakwenda. Bibi hakuwa mtu wa kutulia ili apigwe picha.

Nikaamua palepale kwamba kazi yangu ya mwisho itakuwa yeye. Na nikajiapiza: nitamfanya kwa njia ya zamani kabisa, bila chembe ya umeme. Kibao cha mcheri, patasi, brashi, baren. Niliona kutumia picha ya simu ni uvivu, tena ni kumkosea heshima. Nilimwazia bibi kama mtu wa zamani, kwa hiyo nikaona anastahili kitu cha zamani. Hesabu nyepesi, au sivyo?

Mwezi wa kumi nikapeleka mchoro kwa sensei wangu. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, vidole vyake vina rangi ya buluu kwenye kucha ambayo sijui kama itakuja kutoka. Akauangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni bibi yangu, sensei."

"Bibi yako alikuwa anakaa hivi?"

Nikautazama mchoro wangu tena na mwili ukafa ganzi. Shingo ndefu kama twiga, mdomo mdogo kama tundu la sindano, kichwa kimeinama kwa madaha. Nilikuwa nimemchukua bibi wa Makorora, aliyekuwa akiuza vitumbua alfajiri, nikampa sura ya mrembo wa Edo wa Utamaro. Kanga tu ndiyo ilikuwa yake. Nikajitetea kwamba nilitaka kufuata asili. Sensei akauliza, "Asili ipi?" Sikuwa na jibu. Akaomba kuona picha niliyochorea, nikampa simu. Akaikuza mpaka ule mkono wenye ukungu ukajaa kioo. Akasema, "Hapa ndipo alipo." Halafu akarudisha simu na kuniambia niende Tokyo nikamwangalie Hokusai. "Usiangalie wimbi. Angalia buluu."

Nitasema kweli, nilitoka mle ofisini nimekasirika. Mtu umefiwa, unafundishwa rangi! Lakini sensei akikwambia nenda, unakwenda. Nikapanda basi la usiku, lile la wanafunzi wasio na hela ya treni ya mwendo kasi, nikafika Tokyo asubuhi shingo imekakamaa.

Makumbusho ya Hokusai yako Sumida, mtaa aliozaliwa mwaka 1760. Jengo lenyewe ni jipya, lilifunguliwa 2016, limevikwa mabati yanayong'aa kama kisu. Chumba cha maonyesho ya kudumu kina nakala, kwa kuwa rangi za chapa za asili hufifia zikikaa kwenye mwanga. Nikasimama mbele ya lile Wimbi Kubwa ambalo nyote mnalijua, hata kama hamjui mnalijua. Liko kwenye fulana, kwenye vikombe, na tangu Julai 2024 liko kwenye noti ya yen 1,000. Noti yenyewe nilikuwa nayo mfukoni, ndiyo ilikuwa chakula changu cha mchana.

Sasa sikilizeni habari ya buluu. Hokusai alikuwa na umri wa miaka kama 70 alipotoa mfululizo wa Mandhari 36 za Mlima Fuji, kuanzia karibu mwaka 1830. Zilipendwa mpaka zikaongezwa kumi, zikawa 46. Kilichozifanya zing'ae ni rangi mpya iliyotoka Ulaya, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Wajapani waliiita bero-ai, yaani buluu ya Berlin. Wakati huo Japani ilikuwa imejifungia, Wazungu walioruhusiwa kufanya biashara walikuwa Waholanzi tu pale Nagasaki, lakini rangi ikapenya. Na ule mlima uliokaa mdogo kwa mbali, chini ya wimbi, ni namna ya kuonyesha umbali ambayo wachoraji wa Edo walijifunza kutoka kwenye picha za Ulaya. Tena, Hokusai mwenyewe wimbi hakulichonga wala hakulichapa. Mchapishaji alitoa mtaji, Hokusai akachora, mafundi wengine wakachonga na kuchapa. Na hazikuwa vitu vya makumbusho. Wajuzi wanasema bei ya chapa moja ilikuwa kama bakuli moja au mawili ya tambi za soba.

Kumbe! Kitu ninachokiita cha zamani kabisa kilikuwa, siku kilipotoka, kitu kipya kabisa mtaani. Rangi ya kigeni, mtazamo wa kigeni, bei ya chakula cha mchana. Kama Hokusai angekuwa na akili yangu ya mwezi wa kumi, angeikataa ile buluu kwa sababu si ya asili, na leo noti yangu isingekuwa na wimbi.

Niliporudi Kyoto nikaanza kusoma kama mtu aliyedanganywa anayetafuta ushahidi. Na ushahidi upo tele. Japani ilipofungua milango, kamera na mashine za kisasa za uchapaji zikachukua kazi za wachapaji wa vibao. Watu wakadhani ndiyo basi. Mwaka 1904 kijana mmoja aitwaye Yamamoto Kanae akatoa chapa ndogo ya mvuvi. Aliichora mwenyewe, akaichonga mwenyewe, akaichapa mwenyewe. Kwa Ulaya hilo si ajabu, lakini kwa Japani yenye mafundi wanne wanne kwa kila picha lilikuwa kama mpishi kusema atalima mpunga mwenyewe. Walioshika njia hiyo wakaitwa watu wa sosaku-hanga, chapa za ubunifu.

Upande wa pili akawepo mchapishaji Watanabe Shozaburo. Yeye akasema hapana, mafundi wabaki vilevile, kila mtu na kazi yake, lakini picha ziwe na mwanga na kivuli cha kisasa. Hizo ndizo shin-hanga, chapa mpya. Msanii wake mkubwa, Kawase Hasui, alichora mvua na theluji mpaka ukiangalia unatafuta sweta. Septemba 1, 1923, likaja tetemeko kubwa la Kanto, moto ukala duka la Watanabe pamoja na vibao vyake, na madaftari ya michoro ya Hasui yakateketea. Wakaanza upya. Mwaka 1930 na 1936 chapa za aina hiyo zikaonyeshwa kwenye makumbusho ya Toledo, huko Ohio, Marekani, na Wamarekani wakazinunua kwa hamu.

Kambi hizo mbili zilivutana, na kila moja ilijiona ndiyo yenye haki. Na bado kuna Munakata Shiko, mtoto wa mhunzi wa Aomori, mwenye macho mabovu mpaka alichonga uso ukiwa karibu kugusa kibao. Alipokuwa kijana alitaka kuwa Van Gogh. Na Van Gogh naye mwaka 1887 alikuwa Paris ananakili chapa za Hiroshige! Yaani Mjapani anamtazama Mholanzi anayemtazama Mjapani. Mwaka 1956 Munakata akapata tuzo kuu ya chapa kwenye maonyesho ya Venice. Sasa niambieni, hapo mtakata wapi mstari wa kutenganisha asili na usasa? Mimi nilishindwa.

Nikamrudia sensei nikamwambia nimeelewa, nitatumia picha ya simu. Akatabasamu kidogo, akavuta kitabu kikubwa kabatini, akanionyesha Noda Tetsuya. Ndugu zangu, hapo ndipo niliposhikwa.

Noda alizaliwa 1940, na tangu 1968 amekuwa akitengeneza mfululizo mmoja tu, nao unaitwa Shajara. Kila chapa ina jina la tarehe. Vitu vyenyewe ni vya kawaida: mke wake, watoto, matunda, vitu vya mezani. Mwaka huohuo 1968 mfululizo huo ulimpa tuzo kuu kwenye maonyesho ya kimataifa ya chapa ya Tokyo. Chapa mojawapo ya mwaka ule inaonyesha familia yake imejipanga kama mnavyojipanga studio siku ya Idi.

Na njia yake? Anapiga picha kwa kamera, anaichezea kwa penseli na rangi nyeupe, halafu anaipitisha kwenye mashine ya kudurufu inayotoboa stensili. Jamani, stensili! Mliosoma shule za msingi za serikali mnakumbuka ile harufu. Mwalimu wa zamu anazungusha mkono wa mashine, karatasi za mtihani zinatoka zimelowa wino, na wewe ukigusa swali la kwanza linahamia kidoleni. Mashine ileile ya mitihani, Noda akaifanya ya sanaa. Kwanza anachapa rangi za chini kwa vibao vya mbao kwenye karatasi ya washi, kwa njia ya zamani, rangi nyepesi ambazo huzioni mpaka uzizoee. Kisha juu yake anachapa ile picha kwa skrini ya hariri, njia ileile wanayochapia fulana za kampeni. Ya zamani iko chini, ya kisasa iko juu, zote zimekaa kwenye karatasi moja na hazigombani.

Kitu kilichonimaliza ni kidogo sana. Karibu na sahihi yake Noda huweka alama ya dole gumba. Bibi yangu hakujua kuandika. Makaratasi yake yote, ya kiwanja, ya kliniki, ya vikoba, yana dole gumba lake. Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Nikampigia mama usiku huo kumwambia mpango. Nilidhani atafurahi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza. Akanyamaza. Kisha akasema, "Picha ya marehemu, tena mtandio umemwanguka, ukaitundike mbele ya watu wasiomjua? Bibi yako angekubali?"

Nikaanza kumweleza habari za Noda na Hokusai, akanikatiza. "Mwanangu, huyo Mjapani anapiga watu wake walio hai, anawauliza. Wewe bibi umemuuliza?"

Hapo sikuwa na kitabu cha kumjibu. Siku mbili nzima sikugusa kitu. Mimi niliyekuwa nimejiona mjuzi wa kuchanganya asili na usasa, nilikuwa nimefikiria wino na karatasi tu. Asili nyingine, ya nyumbani kwetu, ya heshima ya maiti na kichwa cha mwanamke, nilikuwa nimeiruka kama dimbwi. Siku ya tatu nikakumbuka sensei alivyoikuza ile picha mpaka ukabaki mkono. Nikampigia mama tena. Nikamuuliza, je, nikichapa mikono na ungo tu, bila uso? Akafikiri. "Mikono haina neno," akasema. Halafu akaongeza, kama anayekumbuka kitu cha sokoni, "Weka na kanga yake ile nyekundu. Alikuwa akiiita ya Japani."

Ya Japani kweli. Katika karne iliyopita viwanda vya huku vilichapa kanga nyingi za kuuzwa pwani yetu, na bibi zetu walizisifu kwa kutochuja upesi. Mimi nimekaa Kyoto miaka minne nikidhani nimekuja mahali pageni.

Basi kazi ikaanza. Nikachonga kanga: pindo kibao kimoja, mji kibao cha pili, na kibao cha tatu cha kivuli cha mikunjo. Jina la kanga nikaliacha tupu, kwa sababu kwenye picha maandishi yamefuliwa mpaka hayasomeki, na sikutaka kumbunia bibi maneno. Kuchonga kulinichukua wiki tano. Nikachapa kwa baren karatasi kumi na mbili, zikatoka nzuri, nyekundu imeingia ndani ya nyuzi za karatasi badala ya kukaa juu yake. Nikazikausha. Nikachapa juu yake mikono kwa skrini.

Zote kumi na mbili zikaharibika.

Si kwamba wino ulimwagika. Ni kwamba mikono haikukaa mahali pake. Vidole vilikuwa pembeni ya ungo, kama mzimu unaochota hewa. Nikapima: milimita tatu. Nikalia pale pale chumba cha kazi, sioni haya kuwaambia. Karatasi ile ni ghali, na tarehe ya kukabidhi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Sensei akaja, akagusa karatasi moja kwa mgongo wa mkono, akauliza nilitengeneza skrini lini. Nikasema mapema, nilipopima karatasi. "Ilikuwa mbichi au kavu?" Ilikuwa mbichi, sensei.

Tatizo ndilo hilo. Uchapaji wa kibao unataka karatasi yenye unyevu, na karatasi ikinyeveshwa inatanuka. Skrini inataka karatasi kavu, na karatasi ikikauka inarudi nyuma. Mimi nilikuwa nimechukua kipimo cha karatasi mbichi nikakilazimisha kwenye karatasi kavu. Tunasema kuchanganya asili na usasa kama vile ni maji na sharubati, unakoroga tu. Kumbe kila kimoja kina hali yake ya hewa. Ukitaka vikae pamoja, lazima kimoja kikubali kungoja.

Nikachapa kanga upya kwenye karatasi kumi nilizonunua kwa hela ya chakula. Safari hii nikazibana kati ya mbao na nikazisubiri siku sita, sikuzigusa. Zilipokuwa kavu kabisa, ndipo nikazipima, na ndipo nikatengeneza skrini mpya kwa kipimo chao. Karatasi kumi, saba zikakubali. Siku ya kukabidhi nikachagua iliyo bora, nikaandika tarehe ya ile picha ya simu kwa penseli, na pembeni nikaweka dole gumba langu. Lake lisingepatikana tena.

Maonyesho yalifunguliwa mwezi huu wa pili. Wengi walipita wakaangalia sekunde tano wakaenda zao kwa jirani yangu aliyechapa roboti mkubwa wa rangi kumi na nane. Haki yake, ni mzuri kweli. Lakini mzee mmoja alisimama kwenye ya bibi muda mrefu, mikono nyuma. Akaniuliza anachambua nini. Nikasema mchele. Akatikisa kichwa, akasema mama yake naye alikuwa akifanya hivyo baada ya vita. Hakusema zaidi, na mimi sikuongeza.

Sensei alinipa alama nzuri, si za juu kabisa. Aliandika kwamba kivuli cha mikunjo ni kizito. Ni kweli, ni kizito.

Chapa moja kati ya zile saba nikaituma nyumbani kwa posta, imekunjwa kwenye mrija wa karatasi. Ilifika juzi. Mama akanipigia simu ya video, familia nzima imejazana kwenye kioo. Nikasubiri machozi. Mama akaisogeza karibu, akaitazama, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu! Bibi yako tangu lini akachambua mchele kwa mkono wa kushoto?"

Nikakimbilia simu yangu kuangalia picha ya asili. Wee! Miaka minne ya vibao imenifundisha kugeuza kila kitu, kwa sababu kwenye kibao picha inachongwa kinyume ili itoke sawa. Skrini haitaki kugeuzwa. Mkono wangu ukageuza wenyewe, kwa mazoea, sikujua, na mikunjo ya kanga nilichonga kwa kuifuata picha ileile iliyogeuzwa. Sensei hakuona, mzee wa maonyesho hakuona, wanafunzi wenzangu hawakuona. Nani angejua hapa Kyoto mkono gani bibi wa Tanga anatumia kwenye ungo? Ameona mama, ndani ya sekunde mbili.

Nikamuuliza kama niichape upya. Akafuta machozi ya kicheko, ambayo baadaye yakawa machozi ya kweli, akasema, "Iache. Mikono ni yake. Kosa ni lako." Wameitundika sebuleni, upande wa kushoto wa saa.

Vibao vitatu vya kanga bado ninavyo, viko chini ya kitanda. Skrini moja ya mkono wa kulia haitanigharimu sana. Nikimaliza mitihani iliyobaki nitachapa nyingine, nami nitangoja karatasi ikauke.

Haya jamani, nimeandika mpaka chai imepoa. Ninyi mliotaka habari za sherehe ya kuhitimu, vumilieni, ni mwezi wa tatu. Kwa sasa mniombee bibi yangu, na mpigieni simu wa kwenu kama bado yupo. Tuko pamoja.